Antoni, Makari, Pakomi au Benedikto: uchague njia ipi ya kimonaki?

Vijana wanaonijia kuulizia habari za utawa huanza karibu wote na swali moja: ni wapi kugumu zaidi? Wapi wanafunga zaidi, wapi wanalala kidogo zaidi, wapi wanakaa kimya zaidi? Nawapenda kwa moyo huo, maana anayetaka kumpa Mungu vyote haombi kupunguziwa bei. Lakini nimesoma habari za wamonaki wa kwanza kwa miaka mingi, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba ugumu ni kipimo kinachodanganya.

Palladio, aliyeishi na wamonaki wa Misri mwishoni mwa karne ya 4, anasimulia habari za Valensi, mzaliwa wa Palestina, aliyejiona amewapita wenzake wote. Usiku mmoja alitokewa na mng'ao mkubwa, akaamini ni Kristo, akausujudia. Kesho yake akaingia kanisani akawaambia ndugu zake kwamba yeye hana tena haja ya Komunyo, kwa kuwa amemwona Kristo mwenyewe. Wazee wakamfunga minyororo mwaka mzima, wakamwombea, wakamrudisha kwenye maisha ya kawaida yasiyo na makuu, mpaka akapona.

Kinachonigusa katika kisa hicho ni wazee kuliko Valensi. Walikuwepo. Walimwona asubuhi ileile, wakamshika. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wapi kugumu, jiulize hivi: huko ninakokwenda, nikipotea, nani ataniambia? Njia nne nitakazozilinganisha hapa zinatofautiana kwa chakula, kazi, sala na mlango wa kuingilia, lakini kwangu mimi tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni jibu la swali hilo.

Peke yake, lakini si mbali na watu

Neno mmonaki linatokana na Kigiriki, monachos, mtu wa peke yake. Sisi tuna neno mtawa, na mwenye kuijua lugha ya pwani anajua kwamba kutawa ni kukaa ndani bila kuonekana ovyo. Maneno yote mawili yanataja kujitenga. Sasa tazama mmonaki wa kwanza kuitwa hivyo katika hati yenye tarehe anafanya nini.

Ni hati ya mafunjo ya mwaka 324, kutoka kijiji cha Karanis nchini Misri. Mkulima Isidoro analalamika serikalini: ng'ombe wa majirani wameharibu shamba lake, akamkamata mmoja ampeleke kijijini, wenye ng'ombe wakamvamia na kumpiga kwa rungu. Anasema angeuawa kama wasingetokea watu wawili wakamwokoa, shemasi Antonino na Isaka mmonaki. Ni ugomvi wa mkulima na wenye mifugo, wa aina tunayoijua sana huku kwetu, na katikati yake yuko mmonaki. Hakuwa pangoni. Alikuwa njiani, akiwatenganisha wanaopigana.

Basi usianze kulinganisha ukidhani kwamba utawa ni pango na kwamba yote mengine ni kulegeza masharti. Tangu mwanzo kulikuwa na namna nyingi za kuwa peke yako kwa ajili ya Mungu.

Njia zenyewe kwa ufupi

Ya kwanza ni ya Antoni. Alizaliwa Misri yapata mwaka 251 katika familia yenye ardhi nzuri. Wazazi walipofariki, akiwa kijana wa miaka 18 au 20, aliingia kanisani akakuta Injili inasomwa: "Ukitaka kuwa mkamilifu, enenda ukauze ulivyo navyo, uwape maskini." Alitoka akagawa ardhi yake. Aliishi kwanza pembeni mwa kijiji, kisha kwenye makaburi ya kale, kisha miaka 20 ndani ya ngome iliyoachwa, na mwisho kwenye mlima unaoelekea Bahari ya Shamu, alikofariki mwaka 356 akiwa na miaka 105. Habari zake ziliandikwa na Atanasi, askofu wa Aleksandria, miaka michache baada ya kifo chake, na maandishi hayo yalisambaa haraka mpaka Ulaya.

Ya pili ni ya Makari na wenzake wa Sketi, bonde ambalo leo linaitwa Wadi el-Natrun. Natroni ni magadi, yaleyale yaliyolipa jina Ziwa Magadi la Kenya na Ziwa Natron la Tanzania, na mapokeo yanasema Makari mwenyewe alikuwa mchunga ngamia aliyesafirisha magadi kabla ya kuwa mmonaki. Alihamia huko yapata mwaka 330. Jirani, huko Nitria, Amuni alikuwa ameanzisha makao mengine, na baadaye yakazaliwa Kellia, maana yake Vyumba. Hii ni njia ya katikati: kila mtu na kijumba chake, pengine na mwanafunzi mmoja au wawili, halafu Jumamosi na Jumapili wote wanakutana kanisani na mezani.

Ya tatu ni ya Pakomi, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu watu wetu wanamjua Antoni na Benedikto lakini Pakomi wanamruka, naye ndiye aliyejenga nyumba tunayoiita monasteri.

Pakomi alizaliwa Misri ya Juu yapata mwaka 292 kwa wazazi wasio Wakristo. Akiwa kijana alikamatwa kwa nguvu aingizwe jeshini, akafungiwa pamoja na wenzake mjini Thebe. Jioni wakaja watu wasiowajua wakiwa na chakula, wakawalisha. Akauliza ni akina nani hawa, akaambiwa ni Wakristo. Hakuwa amesikia mahubiri yoyote, alikuwa amelishwa. Akaahidi kwamba akitoka salama atamtumikia Mungu wa watu hawa, na atawatumikia watu wote. Alipoachiliwa alibatizwa, akajifunza ukaapweke kwa mzee Palamoni, kisha kati ya mwaka 320 na 323 hivi akaanzisha jumuiya yake Tabenisi, kando ya mto Nile.

Jaribio lake la kwanza lilishindikana. Aliwakusanya watu, akawatumikia yeye mwenyewe, akiwapikia na kubeba mizigo yao, akitumaini kwamba upole wake utawafundisha. Wakamfanya mtumishi wao, wakamdharau. Baada ya miaka kadhaa akawafukuza wote, akaanza upya, safari hii kukiwa na kanuni: mali zote za pamoja, sala kwa wakati, mlo kwa wakati, ukuta kuzunguka makao na mlinda mlango getini. Ninaposikia watu wakisema kanuni huua upendo, namkumbuka Pakomi. Yeye aliandika kanuni baada ya kuona upendo usio na kanuni unavyokanyagwa.

Alipofariki kwa tauni mwaka 346 aliacha monasteri tisa za wanaume na mbili za wanawake. Ile ya kwanza ya wanawake iliongozwa na dada yake mwenyewe, Maria.

Ya nne ni ya Benedikto wa Nursia, Italia, aliyezaliwa yapata mwaka 480, na kufikia wakati huo mbegu za Misri zilikuwa zimeshavuka bahari. Yohane Kasiano, aliyekaa miaka mingi na wazee wa Sketi, alikuwa amefika Marseille kusini mwa Ufaransa yapata mwaka 415 na kuandika aliyoyaona. Benedikto alianza kama Antoni, miaka mitatu pangoni Subiaco, akiteremshiwa mkate kwa kamba na mmonaki Romano. Wamonaki wa jirani wakamwomba awe abate wao, yaani mkuu wa monasteri, kisha wakachoshwa na ukali wake wakataka kumuua kwa sumu. Akarudi upwekeni, baadaye akaanzisha monasteri 12 ndogo, na yapata mwaka 529 akapanda Monte Cassino. Huko aliandika Kanuni yenye utangulizi na sura 73. Anasema mwanzoni kabisa kwamba anatumaini hataweka jambo lolote kali wala zito kupita kiasi. Ni maneno ya mtu aliyewahi kuonja ukali, wake na wa wengine.

Riziki

Hakuna njia hata moja kati ya hizi nne inayomruhusu mtu mzima wa afya kukaa bure.

Antoni alisuka mikeka na kulima kibustani chake mlimani, kwa sababu alikuwa amesikia neno la Paulo kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Wamonaki wa Sketi na Nitria walisuka vikapu na kamba za makuti, wakaviuza, na wakati wa mavuno wengine walikwenda kufanya vibarua mashambani. Palladio anasema Nitria kulikuwa na wamonaki wapatao 5,000 na sehemu saba za kuokea mikate, ambazo ziliwahudumia hata wale wa jangwa la ndani.

Kwa Pakomi kazi ilikuwa mfumo mzima. Ndugu waliishi nyumba kwa nyumba kulingana na ufundi: wafumaji pamoja, maseremala pamoja, washona viatu pamoja, washonaji, wafua nguo, wasuka mikeka, kila nyumba na mkuu wake. Bidhaa zilikwenda sokoni kwa mashua za Nile. Wakuu wa monasteri zote walikutana mara mbili kwa mwaka, Pasaka na mwezi Agosti, na huo mkutano wa Agosti ulikuwa wa mahesabu. Aliyezoea kuona taasisi zetu za kidini zikiyumba kwa sababu hakuna anayejua fedha zimekwenda wapi atashangaa kuona kwamba jambo hili lilishughulikiwa katika karne ya 4.

Benedikto anasema uvivu ni adui wa roho, anagawa siku kati ya kazi ya mikono na kusoma, na anaagiza vyombo vyote vya monasteri vitunzwe kama vyombo vya altare, jembe na sufuria pamoja. Bidhaa za monasteri, anasema, ziuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko ya watu wa nje.

Kama mikono yako haitulii bila kazi yenye matokeo yanayoonekana, karakana, shamba, hospitali, basi usijidanganye na pango. Pakomi na Benedikto ndio wako.

Sala

Antoni aliwahi kuzongwa na uchovu wa roho, ile hali ambayo mmonaki Evagrio wa Ponto baadaye aliiita pepo wa adhuhuri. Akalia: Bwana, nataka kuokoka lakini mawazo hayaniachi. Akatoka nje kidogo, akamwona mtu anayefanana naye ameketi anasuka kamba, kisha anainuka kusali, kisha anaketi tena kusuka, kisha anainuka tena. Alikuwa malaika. Akamwambia: fanya hivi nawe utaokoka. Hiyo ndiyo ratiba yote ya Antoni. Hakuna kengele. Inakutaka wewe mwenyewe uwe kengele yako.

Sketi walisali Zaburi vyumbani mwao juma zima. Abba Musa, Mwethiopia aliyekuwa jambazi kabla ya kuongoka, aliombwa neno na ndugu mmoja, akamjibu: "Nenda ukae katika chumba chako, nacho chumba chako kitakufundisha yote." Ni neno zuri na la hatari pia. Chumba kinafundisha, lakini kina uchungu mwingi kabla ya kufundisha, na aliyezoea simu na kelele za nyumba ya watu wengi asidhani wiki ya kwanza itakuwa ya amani.

Kwa Pakomi walikutana pamoja kila siku, mmoja akisoma Maandiko kwa sauti huku wengine wakisikiliza na mikono ikiendelea kusuka. Ili jambo hilo liwezekane kila mmoja alipaswa kujua kusoma. Aliyeingia hajui alipangiwa mwalimu mara tatu kwa siku, na kanuni inasema hata asiyetaka alazimishwe kusoma. Kila mmoja awe ameshika moyoni angalau Agano Jipya na Zaburi. Fikiria maana yake kwa mtoto wa mkulima wa Misri wa wakati ule. Monasteri ndiyo ilikuwa shule yake.

Benedikto alipanga vipindi vinane, saba vya mchana na kimoja cha usiku, Zaburi zote 150 ziishe ndani ya juma. Kisha anaongeza jambo linalonifurahisha: mpangilio huu ukimshinda mtu, aupange vingine anavyoona vyema, mradi Zaburi 150 zitimie. Anakumbusha kwamba mababa walizimaliza kwa siku moja, na sisi walegevu tuzimalize basi kwa juma.

Nani atakusahihisha

Kwa Antoni jibu ni jepesi kulitamka na gumu kuliishi: Maandiko, dhamiri na majaribu yenyewe. Ila tusimsingizie. Kabla ya kwenda mbali aliwatembelea wazee wengi wa vijiji jirani, na Atanasi anamfananisha na nyuki: kwa huyu alichota upole, kwa yule uvumilivu, kwa mwingine kukesha. Wanaomwiga Antoni wa mlimani huisahau miaka ile ya unyuki.

Sketi anayekusahihisha ni abba, mzee mmoja unayemfunulia mawazo yako yote. Mzee akiwa mwema, hakuna malezi yanayozidi haya. Musa huyohuyo aliitwa kwenye baraza la kumhukumu ndugu aliyekosa. Akaja amebeba mtungi unaovuja maji nyuma yake. Walipomuuliza ni nini hiki, akasema: dhambi zangu zinamwagika nyuma yangu wala sizioni, nami leo nimekuja kuhukumu kosa la mwenzangu. Wakamsamehe yule ndugu. Lakini mzee akiwa mbaya, je? Njia ya Makari inategemea sana ni nani umempata.

Pakomi aliweka ngazi: mkuu wa nyumba, mkuu wa monasteri, mkuu wa wote. Kosa linaonekana haraka kwa sababu unaishi na watu. Na Benedikto akachukua abba wa Sketi na nyumba ya Pakomi akaviunganisha: abate ni baba, lakini abate mwenyewe yuko chini ya Kanuni. Jambo kubwa likitokea aite jumuiya yote, hata wadogo, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia kijana lililo bora. Ndugu akipewa kazi inayomshinda ajaribu kwanza, kisha anaweza kumweleza mkuu wake kwa upole kwa nini hawezi. Hapo naona karne mbili za makosa zilizogeuzwa kuwa busara.

Basili Mkuu wa Kaisaria, aliyetembelea wamonaki wa Misri na Siria yapata mwaka 357, alilimaliza swali hili kwa namna yake. Akamuuliza anayeishi peke yake: utaosha miguu ya nani? Yeye hakuishia kwenye swali. Nje ya mji wake alijenga makao ya wagonjwa, maskini na wasafiri. Wamonaki wa Makanisa ya Mashariki mpaka leo wanamsoma.

Kwa dada zetu

Wasichana huniuliza kama haya yote ni historia ya wanaume. Nawarudisha kwenye ukurasa wa mwanzo wa maisha ya Antoni. Alipogawa mali alikuwa na dada mdogo, akamkabidhi kwa mabikira waaminifu aliowajua ili wamlee. Soma tena sentensi hiyo. Siku baba wa wamonaki alipoanza safari yake, wanawake waliokwisha kujitoa kwa Mungu walikuwepo tayari, wanajulikana na wanaaminika. Miaka mingi baadaye Antoni alimkuta dada yake amezeeka katika ubikira, naye anawaongoza wengine.

Mama Sinkletika, mmoja wa mama wa jangwani, alisema wengi wako milimani na wanaishi kama watu wa mjini, wakati mwingine aweza kuwa mpweke moyoni akiwa katikati ya umati. Yeye huyohuyo ana neno kwa wale wanaohama shirika hadi shirika: aliye katika jumuiya asihamehame, atajidhuru, kama ndege anayeyaacha mayai yake yakapoa yasianguliwe.

Nani achague nini

Nitasema wazi ninavyoona mimi.

Njia ya Antoni si ya kuanzia. Benedikto, aliyeipita mwenyewe, anasema katika sura ya kwanza ya Kanuni yake kwamba wakaapweke wa kweli ni wale waliojaribiwa muda mrefu ndani ya monasteri, wakajifunza vita katika safu ya ndugu, ndipo wakatoka kupigana peke yao. Ukiwa na miaka 22 na unataka pango, nakusihi usianze nalo. Leo Kanisa Katoliki linawatambua wakaapweke wanaoweka nadhiri mbele ya askofu wao, kwa kanuni ya 603 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kwa hiyo mlango upo, hata kama utaufikia ukiwa na mvi.

Njia ya Makari inamfaa mtu anayependa ukimya kwa dhati na ambaye hakimbii watu kwa sababu wamemuudhi. Pima hivi: ukikaa siku tatu bila mazungumzo, unatoka ukiwa mwepesi zaidi kwa jirani zako, au mkali zaidi? Bonde la magadi lina monasteri nne za Wakopti, Wakristo wa Misri, zinazoishi mpaka leo, ikiwamo ya Mtakatifu Makari, na monasteri ya Mtakatifu Antoni ipo upande wa Bahari ya Shamu. Ulaya njia hii ya katikati ilichipuka upya kwa Bruno na Wakartusi mwaka 1084: kila mmoja chumbani mwake, kanisani pamoja.

Njia ya Pakomi kwa sura yake kamili haipo tena, lakini roho yake ilisafiri mbali. Ethiopia, ambayo askofu wake wa kwanza Frumensi aliwekwa wakfu na Atanasi yuleyule aliyeandika maisha ya Antoni, ilipokea utawa uliotiwa nguvu na wamonaki waitwao Watakatifu Tisa, na mapokeo yao yanauunganisha na Pakomi. Monasteri ya Debre Damo, iliyo juu ya mwamba huko Ethiopia, bado unapandishwa kwa kamba. Kama moyo wako unawaka unaposoma Matendo ya Mitume kwamba walioamini "walikuwa na vitu vyote shirika", umeguswa na Pakomi. Neno shirika tunalolitumia kwa jumuiya zetu za kitawa limo humo.

Njia ya Benedikto ndiyo ninayowaelekeza wengi, na kwa Afrika Mashariki iko karibu. Wabenediktini Wamisionari wa Mtakatifu Otilia walifika Pugu mwaka 1888, wakashambuliwa mwaka uliofuata, wakarudi. Wakaanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Katikati ya hapo, mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji, askofu wao Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake. Baadaye ikazaliwa Hanga, mwaka 1957, monasteri ya Waafrika wenyewe. Anayefika mahali kama Peramiho anakuta kanisa, shule, hospitali na karakana, na anaona kwa macho yake kile ambacho Pakomi alikuwa ameanza kando ya Nile: ufundi, vitabu, wagonjwa na sala ndani ya uzio mmoja. Kuna wanaolalamika kwamba kazi hizo zinaumeza ukimya. Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake, na ndilo lililowafanya wengine mwaka 1098 waondoke kwenda Cîteaux, Ufaransa, kuishika Kanuni kama ilivyo, bila nyongeza. Uliza hilo waziwazi utakapokwenda kuwatembelea: siku ya kawaida, saa ngapi ni za sala, saa ngapi za kazi, na kazi ikizidi nani anasema basi?

Kuhusu mlango wenyewe, usishangae ukicheleweshwa. Palamoni alimwambia Pakomi kwamba maisha haya hatayaweza, aende zake kwanza. Benedikto anasema anayebisha hodi asifunguliwe kirahisi. Akidumu siku nne au tano mlangoni na kuvumilia maneno, aingie nyumba ya wageni, kisha kwa wanovisi, wale walio katika malezi ya mwanzo. Baada ya miezi miwili asomewe Kanuni yote. Baada ya miezi sita asomewe tena. Baada ya minne mingine, kwa mara ya tatu. Na kila mara aambiwe: hii ndiyo sheria unayotaka kuitumikia, ukiweza kuishika, ingia, usipoweza, nenda zako, uko huru.